Nani Amlipe Mwalimu? Historia ya Elimu Bila Malipo katika Kongo

Neno mshahara limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na ndani yake mna neno shahr, yaani mwezi. Mshahara ni malipo yanayoufuata mwezi: mwezi ukiisha, mtu hupewa haki ya kazi yake. Mwalimu anayelipwa mara moja katika miezi mitatu, au anayelipwa na wazazi wa wanafunzi wake badala ya mwajiri wake, anapata malipo, lakini tukilisikiliza neno lenyewe, hana mshahara.

Katika makala hii tutaitazama nchi jirani ambayo kwa miaka mingi walimu wake walikuwa katika hali hiyo: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Septemba 2019 serikali ya nchi hiyo ilifuta ada katika shule zote za msingi za umma. Habari hiyo ilisimuliwa duniani kote kama habari ya watoto, na kweli ilikuwa habari ya watoto. Hata hivyo, anayeijua historia ya shule za Kongo huona kwamba ilikuwa pia habari ya walimu. Katika nchi ile ada ya mtoto ndiyo iliyokuwa mshahara wa mwalimu. Aliyeifuta ada aliufuta mshahara, na alipaswa kuweka mwingine mahali pake.

Kongo si nchi ya mbali kwa msomaji wa Kiswahili. Inapakana na Tanzania kwa maji ya Ziwa Tanganyika, imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na Katiba yake inakitaja Kiswahili katika ibara ya kwanza kabisa kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Mamilioni ya wanafunzi wa Kivu, Maniema, Tanganyika na Katanga ya zamani huisikia sauti ya mwalimu wao kwanza kwa Kiswahili.

Shule zilizojengwa na wamisheni

Shule za Kongo hazikuanzishwa na serikali. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilitia saini mkataba na makao makuu ya Kanisa Katoliki. Wamisheni wakapewa ardhi. Nao wakaahidi kufungua shule. Baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo kuwa koloni lake mwaka 1908, utaratibu huo uliendelea, na katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikaanza kuzipa shule za misheni ruzuku. Misheni za Kikatoliki za Kibelgiji zilipendelewa. Waprotestanti walisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili kabla ya kupata fungu lao. Shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya watoto wa Kiafrika zilianza kufunguliwa kwa upana katikati ya miaka ya 1950 tu, miaka michache kabla ya uhuru.

Kutokana na historia hiyo Kongo ilirithi mambo mawili. La kwanza ni shule nyingi za msingi: uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, watoto zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa madarasani, ilhali Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30. La pili ni mgawanyo wa kazi usio wa kawaida: kanisa ndilo lililoisimamia shule, na serikali ndiyo iliyotakiwa kugharimia. Swali la nani amlipe mwalimu lilikuwa limekwisha pandwa.

Shule kutaifishwa, kisha kurudishwa

Mwezi Desemba 1974 Rais Mobutu Sese Seko alitangaza kuwa shule zote za misheni zitakuwa mali ya taifa. Ulikuwa wakati wa sera ya kurejea uhalisi wa Kiafrika: nchi ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Zaire, majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku, na mwaka huohuo Krismasi iliondolewa katika orodha ya sikukuu za umma. Somo la dini likatolewa shuleni, na mahali pake likawekwa somo la uraia kwa mafundisho ya chama kimoja.

Tangazo hilo lilikuja wakati mbaya. Bei ya shaba, zao lililoilisha hazina ya nchi, ilishuka vibaya kuanzia mwaka 1974. Serikali ilijitwika maelfu ya shule kwa mkono mmoja huku mapato yakipungua kwa mkono wa pili. Majengo yakachakaa, vifaa vikakosekana, na haikupita miaka mitatu kabla Mobutu hajarudi kwa makanisa. Mwezi Februari 1977 mkataba mpya ulitiwa saini. Shule zilibaki za umma, na serikali iliendelea kuahidi kuwalipa walimu. Lakini usimamizi wa kila siku ulirudishwa mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na baadaye jumuiya nyingine za dini, wakiwamo Waislamu, zikajiunga.

Mkataba huo ndio msingi wa shule za Kongo hadi leo. Nyingi ya shule za msingi za umma husimamiwa na madhehebu ya dini. Anayeandika habari za mishahara ya walimu wa Kongo lazima alikumbuke jambo hili: mwalimu ana mkubwa wake kanisani, lakini mshahara wake uko serikalini.

Mshahara ulivyokwisha thamani

Katika miaka ya 1980 Zaire ilikuwa na madeni makubwa, na wakopeshaji wa kimataifa walidai matumizi ya umma yapunguzwe. Elimu ilikuwa miongoni mwa sekta zilizokatwa zaidi. Katikati ya muongo huo iliundwa ofisi maalumu ya kuhesabu na kulipa walimu, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa, SECOPE. Kusudi lake lilikuwa zuri: serikali ijue ina walimu wangapi, wako wapi, na kila mmoja anastahili kiasi gani. Jina la ofisi hiyo litarejea mbele katika historia hii.

Miaka ya 1990 ilianza kwa misiba iliyofuatana. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, nguzo ya kampuni ya shaba ya taifa, ulibomoka. Mwezi Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa walianza uporaji mjini Kinshasa, na raia wakajiunga nao. Fedha ikapoteza thamani kwa kasi hata serikali ikachapisha noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa, na mwezi Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakapora tena. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilitolewa sarafu mpya, moja ikibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3.

Ebu tufikirie maana ya hayo kwa mwalimu. Hata mshahara ulipofika, ulifika ukiwa umechelewa, na kila siku ya kuchelewa iliupunguzia thamani. Mwalimu wa mwaka 1992 hakuhitaji kufukuzwa kazi. Bei za sokoni zilikuwa zimekwisha mfukuza. Walimu waligoma, shule za umma zikafungwa, na mwaka wa masomo wa 1991–92 ukapotea bila masomo wala mitihani katika sehemu kubwa ya nchi.

Ada inakuwa desturi

Hapo ndipo maaskofu wa Kikatoliki na chama cha wazazi walipofikia uamuzi ambao uliubadilisha mfumo mzima. Wazazi watachangia malipo ya walimu, ili shule zifunguliwe. Ulikuwa mpango wa dharura, wa muda, mpaka serikali itakapopata nguvu tena. Shule nyingine za umma ziliufuata upesi. Mpango wa muda ukadumu kwa zaidi ya robo karne.

Katika Kiswahili neno ada lina maana mbili: malipo yanayotolewa kwa huduma, na desturi iliyozoeleka. Kongo inatuonyesha jinsi maana ya kwanza inavyoweza kugeuka kuwa ya pili. Mchango uliotolewa kwa sababu ya dharura ukawa mazoea, mazoea yakawa kanuni, na kanuni ikazaa watu wenye maslahi ndani yake.

Kwanza, tuwatendee haki wazazi. Pasipo wao shule zingekufa. Wakati wa vita vya mwaka 1996 hadi 1997, na vile vilivyoanza mwaka 1998, sehemu kubwa za mashariki zilitawaliwa na makundi ya waasi, na mishahara ya serikali haikuzifikia. Wazazi wa Bukavu, Uvira na Goma, waliokuwa wenyewe wakikimbia risasi na njaa, waliwalipa walimu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba katika taifa lililoitwa taifa lililoanguka, idadi ya watoto waliosoma shule ya msingi iliongezeka takriban maradufu kati ya mwanzo wa miaka ya 2000 na mwaka 2010.

Lakini mfumo huo ulikuwa na maumivu yake. La kwanza liko wazi: mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani. Mwalimu hakufanya hivyo kwa ukatili. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto, na mtoto asiyelipa alikuwa pengo katika chakula cha jioni. Mfumo uliwagombanisha watu wawili waliopaswa kuwa washirika, yaani mzazi na mwalimu, na uliyemwacha bila lawama ni yule aliyepaswa kulipa.

La pili halikuonekana kirahisi. Fedha za wazazi hazikubaki zote shuleni. Sehemu yake ilipanda juu kama maji yanayovutwa kwa pampu: fungu kwa ofisi ya elimu ya eneo, fungu kwa ofisi ya mkoa, fungu kwa ofisi za madhehebu yanayosimamia shule. Ofisi hizo nazo zilikuwa hazipewi fedha za kutosha na serikali. Kwa hiyo mama muuza samaki aliyelipa ada kando ya ziwa alikuwa akiigharimia ngazi nzima ya utawala wa elimu, wala hakuna aliyempa risiti ya sehemu hiyo.

La tatu ni kwamba shule mpya zilifunguliwa na walimu wapya wakaajiriwa bila kungoja idhini ya hazina, kwa kuwa wazazi ndio waliolipa. Kukawa na walimu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale walioingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Wakongo huwaita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya watu walioingizwa katika mashine. Wa pili ni wale waliofundisha miaka mitano, kumi au zaidi wakisubiri majina yao yaingizwe. Hawa huitwa kwa jina lenye maana ya vitengo vipya, ingawa miongoni mwao walikuwamo walioota mvi darasani.

Katiba na hatua za polepole

Vita vilipopungua, taifa likaanza kujijenga upya. Mwezi Februari 2004 serikali na vyama vya watumishi wa umma vilikubaliana, huko Mbudi katika jiji la Kinshasa, juu ya ngazi mpya za mishahara. Makubaliano hayo hayakutekelezwa kikamilifu, na jina la Mbudi likabaki katika vinywa vya watumishi kama kumbukumbu ya deni.

Tarehe 18 Februari 2006 Katiba mpya ilitangazwa. Ibara ya 43 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na haina malipo katika shule za umma. Maneno hayo ni machache na hayana utata. Lakini Katiba haikutaja fedha zitatoka wapi, na bajeti za miaka iliyofuata hazikuzitaja pia. Mwaka 2010 serikali ya Rais Joseph Kabila ilitangaza kuondoa ada hatua kwa hatua, ikianza na madarasa ya chini, huku ikiliacha nje jiji la Kinshasa. Kwa kuwa mishahara haikupanda kwa kiasi cha kufidia, michango ilirudi kwa majina mengine. Mwaka 2014 sheria kuu ya elimu iliirudia ahadi ya elimu bila malipo, na pia ilizitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kuwa lugha za kufundishia.

Katika miaka hiyo kulikuwa na mageuzi moja yaliyofanikiwa kwa kiasi. Kuanzia mwaka 2011 mishahara ya watumishi ilianza kulipwa kupitia benki badala ya mabunda ya noti yaliyosafirishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine na kupungua njiani. Mahali ambapo benki hazikuwapo, Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, lilipewa kazi ya kupeleka mishahara vijijini.

Septemba 2019

Félix Tshisekedi aliapishwa kuwa rais mwezi Januari 2019. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa miongoni mwa ahadi zake kubwa. Mwezi Agosti uliitishwa mkutano mkuu wa wadau mjini Kinshasa, na shule zilipofunguliwa mwanzoni mwa Septemba ada zilifutwa katika shule za msingi za umma nchi nzima, Kinshasa ikiwamo. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu Katiba itangazwe.

Watoto walikuja. Walikuja wale waliokuwa wakiuza maji barabarani, wasichana waliokuwa wakilea wadogo zao, na wengine waliotolewa katika shule za binafsi za bei nafuu. Madarasa yenye wanafunzi zaidi ya 100 yalionekana mijini. Wengine waliketi sakafuni, wengine walisikiliza dirishani.

Na walimu je? Ili tuielewe hali yao, tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Mwalimu wa mjini na mwalimu wa kijijini wote wanalipwa na serikali dola 100 kwa mwezi. Mjini, wazazi wanamwongezea dola 200. Kijijini, ambako wazazi ni wakulima maskini, wanamwongezea dola 15. Sasa serikali inafuta ada na kupandisha mshahara hadi dola 150. Mwalimu wa kijijini amepanda kutoka dola 115 hadi 150, na anashangilia. Mwalimu wa mjini ameshuka kutoka dola 300 hadi 150, na wanafunzi wake wameongezeka. Mwalimu wa tatu, ambaye hayumo katika orodha ya serikali, alikuwa akiishi kwa michango peke yake. Yeye ameshuka hadi sifuri. Tangazo moja, siku moja, limewafikia walimu watatu kwa namna tatu.

Ndiyo maana sauti za walimu hazikuwa moja. Mageuzi yalisifiwa vijijini na kulalamikiwa mijini, na katika pande zote mbili watu walisema kweli. Maaskofu wa Kikatoliki waliunga mkono elimu bila malipo, lakini walimu wa shule hizohizo za Kikatoliki mijini walikuwa miongoni mwa waliopoteza zaidi.

Deni linapodaiwa

Ahadi ni deni, husema Waswahili, na deni hili lilikuwa kubwa. Serikali iliwaingiza makumi ya maelfu ya walimu wapya katika orodha ya mishahara, ikaongeza posho maalumu kwa ajili ya elimu bila malipo, na ikatafuta msaada nje. Mwezi Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango huo.

Lakini mwaka huo ulikuwa na msiba wake. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19. Mwalimu aliyekuwa bado nje ya orodha ya serikali hakuwa na ada ya wazazi, kwa kuwa imefutwa. Hakuwa na mshahara, kwa kuwa hajaingizwa. Na sasa hakuwa na darasa.

Ndipo likaja jambo lililowauma Wakongo kuliko yote. Wakaguzi wa fedha wa serikali walipoichunguza ofisi ya SECOPE, walikuta katika orodha ya mishahara shule ambazo hazipo na walimu ambao hawapo. Msomaji wa Tanzania anayajua mambo haya kwa jina la watumishi hewa. Kongo ilikuwa na walimu hewa na shule hewa. Mwaka 2021 mahakama mjini Kinshasa iliwatia hatiani na kuwafunga maofisa wa ngazi ya juu wa elimu kwa ubadhirifu wa fedha hizo, na SECOPE ikabadilishwa kwa idara mpya. Ofisi iliyoundwa ili kuwahesabu walimu ndiyo iliyowahesabu wasiokuwapo, huku walimu wa kweli wakisubiri.

Mwezi Oktoba 2021 shule zilipofunguliwa, walimu wengi, hasa wa shule za Kikatoliki, hawakuingia madarasani. Wanafunzi wa baadhi ya shule waliandamana, wakidai wafundishwe. Serikali na vyama vya walimu walikutana Bibwa, mashariki mwa Kinshasa, na kukubaliana kuhusu nyongeza na posho za hatua kwa hatua. Kama Mbudi, Bibwa nayo likawa jina la makubaliano yanayokumbukwa kila yanapochelewa. Mwezi Septemba 2024 mwaka mpya wa masomo ulianza tena kwa mgomo katika mikoa kadhaa, walimu wakidai mshahara wa kuanzia wenye thamani ya dola 500. Tena, mapema mwaka 2025, kundi la M23 lilipoiteka miji ya Goma na Bukavu, benki zilifungwa, na mwalimu wa Kivu akajikuta mbali na mshahara wake hata pale ulipokuwa umetumwa.

Majirani wengine walivyofanya

Kongo haikuwa ya kwanza kuipita njia hii. Malawi ilifuta ada za shule za msingi mwaka 1994, Uganda mwaka 1997, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kenya mwaka 2003. Nchini Kenya wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Kote huko mambo yalianza kwa furaha, yakafuatwa na msongamano, kisha malalamiko ya walimu.

Tofauti ya Kongo ni kwamba, katika nchi hizo nyingine, ada zilizofutwa zilinunua chaki, madawati na majengo zaidi kuliko mwalimu, ambaye mshahara wake, hata ukiwa mdogo, ulitoka serikalini. Kongo ilifuta riziki yenyewe. Zambia nayo inatoa funzo la pili. Mwaka 2022, ilipofuta ada hadi sekondari, iliajiri katika mwaka huohuo walimu 30,496. Msongamano haukuisha, lakini serikali ilionyesha kuwa imeelewa hesabu: anayemwita mtoto darasani sharti amwite na mwalimu, na anayemwita mwalimu sharti amtengee fungu katika bajeti.

Maana mbili za neno bure

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo serikali zetu hulikwepa katika nyaraka rasmi. Huandika elimu bila malipo, mara chache elimu bure. Sababu inaeleweka. Bure ni kitu kisicholipiwa, na bure ni kitu kisicho na faida. Tumesumbuka bure, husema mtu aliyerudi mikono mitupu. Umbali kati ya maana hizo mbili hupimwa kwa mwalimu. Mtoto asiyelipa, mbele ya mwalimu aliyelipwa, amepata elimu bila malipo. Mtoto asiyelipa, mbele ya kiti kitupu cha mwalimu aliyegoma, ameingia darasani bure.

Wapo wanaosema kwamba, kwa matatizo yote hayo, ingekuwa heri Kongo ibaki na ada zake. Sikubaliani nao. Mfumo wa ada ulimtoza maskini kwa kiwango kilekile cha tajiri wa mtaa wake, ulimfukuza mtoto kwa kosa la umaskini wa baba yake, na ulimlipa mwalimu kwa kadiri ya utajiri wa kijiji alichopangiwa. Kuufuta lilikuwa jambo la haki, tena lililochelewa. Kasoro ilikuwa kulichukulia tangazo kuwa ndiyo kazi, wakati kazi huanza siku inayofuata, na hufanywa na watu wasiopigiwa makofi: anayeihakiki orodha ya mishahara, anayepeleka fedha kijijini, mbunge anayesoma ukurasa wa bajeti ambao hakuna mwandishi wa habari anayeusoma.

Kwa raia wa nchi yoyote, funzo la Kongo ni kujifunza kuuliza swali la pili. Kiongozi akitangaza kwamba huduma fulani sasa ni bila malipo, swali la kwanza, nani hatalipa, hujibiwa jukwaani kwa vigelegele. Swali la pili, nani atalipa, na kutoka fungu lipi, na kila tarehe ngapi ya mwezi, ndilo linaloamua kama huduma hiyo itakuwapo mwaka ujao.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa nini wazazi wa Kongo walianza kuwalipa walimu katika miaka ya 1990. Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa wakati wake?

2. Kwa kutumia mfano wa walimu watatu, eleza kwa nini kufutwa kwa ada mwaka 2019 hakukupokewa kwa namna moja.

3. Katiba ikiahidi haki bila kutaja fedha, ahadi hiyo ina thamani gani? Toa mfano mmoja kutoka Kongo na mmoja kutoka nchi yako.

4. Tunga sentensi mbili kwa kila neno ukionyesha maana zake mbili: ada, bure.

5. Jadili kauli hii: "Haki ya mtoto kusoma na haki ya mwalimu kulipwa ni haki moja."